Kabla ununue farasi, uliza nani atakuwa nyumbani saa 12 jioni

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza farasi ni pesa ngapi. Wengine ni watu tunafanya nao kazi hapa Nakuru mjini, wengine wameona picha ya farasi wangu Shaba kwa simu ya mtu, na juzi kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka steji ya Njoro alifika kwa geti akazima pikipiki, akamwangalia kama dakika kumi bila kuongea, halafu akaniuliza hivyo hivyo, mathee, huyu ni pesa ngapi? Nikamwambia ukweli, nilimnunua 80,000. Akashangaa sana, akasema kumbe pikipiki ni ghali kumliko. Na kweli pikipiki mpya ni ghali kumliko, hapo ndipo watu wanapotelea, juu wanasikia hiyo bei wanaona kumbe inawezekana, na hakuna mtu anawakalisha chini awaambie yale mengine. Nimechoka kuyaeleza nusu nusu nikiwa na haraka ya matatu, leo nayaandika yote.

Shaba ni farasi jike, alikuwa wa mbio. Tulimpa hilo jina juu ya rangi, ukimsugua vizuri asubuhi jua likitoka anang'aa kama sufuria ya shaba ya kina nyanya. Alikimbia pale Ngong Racecourse Nairobi mpaka mguu wa mbele wa kushoto ukaanza kufura kila akikimbizwa, na farasi wa mbio akifika hapo hana kazi tena, mwenyewe anamtafutia makao. Ndio maana bei ilikuwa ile. Nilimchukua 2019 akiwa na miaka saba.

Sikumchukua kwa sababu ya kujionyesha, ingawa najua kijijini kwetu Malava hivyo ndivyo inasemwa. Baba yangu alikuwa saisi. Alitoka Kakamega kijana akaja kutafuta kazi huku Njoro, akafanya kazi ya farasi miaka 31 kwa mashamba ya watu, kuosha, kulisha, kuwatembeza, kukesha nao wakizaa. Sisi watoto tulilelewa na harufu ya farasi kwa koti lake. Njoro hii ni mahali pa farasi tangu zamani, yule Beryl Markham aliyevuka Atlantiki na ndege peke yake mwaka wa 1936 alikulia hapa hapa, baba yake akifuga farasi wa mbio, na ukisoma habari za hiyo familia utaona majina ya farasi yameandikwa vizuri kabisa. Waliokuwa wanabeba maji ya hao farasi ni watu kama baba yangu, na kati yao hakuna aliyewahi kuwa na farasi wake. Alipostaafu akaja kuishi na mimi, shamba langu ni ekari moja na nusu, nilimwona anakaa kwa kiti nje siku nzima na mikono yake haina kazi. Nikasema mimi nitamtafutia mmoja wake.

Nilidhani atafurahi nikimwambia. Alinyamaza kwanza, akaniuliza, "Mama, huyu farasi akifa wewe utakuwa na miaka mingapi?" (ananiita mama juu nimebeba jina la mama yake). Nikapiga hesabu. Farasi akitunzwa vizuri anaishi miaka 25, wengine wanafika 30. Mimi nilikuwa na miaka 38, kumaanisha nitakuwa nimekaribia sitini. Yeye alikuwa na miaka 66 na hakusema kitu juu ya miaka yake, na mimi sikuuliza, nikaona tu kama ni swali la mzee anayependa kuuliza maswali. Hilo swali nimelielewa pole pole, na nitalirudia.

Pesa kwanza. Kazi yangu ni ya hesabu, kwa hivyo nina daftari, kila shilingi ya Shaba iko ndani. Hata kabla hajafika nilikuwa nimemaliza pesa nyingi karibu kama bei yake, juu shamba langu lilikuwa na seng'enge, na Baba aliangalia hiyo seng'enge akasema hapana. Farasi akishtuka anakimbia kwanza halafu ndio anaangalia, na seng'enge itamfungua ngozi ya kifua mpaka mfupa. Ikabidi tung'oe yote tuweke nguzo na mbao. Halafu banda, liwe na nafasi ya yeye kulala na kujigeuza, mabati yasiwe na ncha popote, maji yasisimame chini.

Sasa kila mwezi. Farasi wa kilo 450 hivi anataka majani makavu kama asilimia 2 ya uzito wake kila siku, hizo ni kilo 9, na ukitaka kulala vizuri piga hesabu na 10. Bale ya boma rhodes ninayonunua ina kilo kama 15, kwa hivyo ni bale 20 kwa mwezi, na nilipoanza bale ilikuwa 250. Hiyo ni 5,000. Weka shayiri, pumba za ngano, lusini na jiwe la chumvi, 4,000 na kitu. Kijana wa kumsaidia Baba kubeba maji na kutoa samadi, 10,000, na usidhani maji ni kidogo, farasi anakunywa lita 30 au 40 kwa siku na kukiwa na jua kali anapita hapo. Fundi wa kwato anakuja kila wiki sita, Shaba havai viatu vya chuma kwa hivyo ni kukata na kusawazisha tu, 2,500, farasi wa viatu ni zaidi ya hapo mbali sana. Dawa ya minyoo. Chanjo ya pepopunda, juu farasi anashikwa na pepopunda haraka kuliko karibu mnyama yeyote wa nyumbani, msumari mdogo tu. Na meno, hii watu hawaijui kabisa, meno ya farasi yanaendelea kutokeza maisha yake yote na yanasagika vibaya, pembeni yanabaki makali kama kisu yanamkata mashavu, kwa hivyo mara moja kwa mwaka mtu anayejua lazima aje ayapige tupa. Ukigawa yote kwa miezi, mwezi mzuri, ule mwezi hakuna kitu imeharibika, nilipoanza ilikuwa kama 23,000. Miezi minne haijaisha na umeshatumia zaidi ya ile 80,000.

Na hiyo ni sisi tuko na Baba. Mtu asiye na baba saisi aweke mshahara wa mtu anayejua kazi, na hao wamebaki wachache na wengi ni wazee.

Lakini pesa unaweza kuzitafuta. Kitu kilichonitisha zaidi ni vile farasi anaweza kuuliwa na chakula. Mimi nililelewa na ng'ombe pia, nikadhani mnyama wa majani ni mnyama wa majani. Mwezi wa pili tu tangu aje nilienda kwa agroveti moja kutafuta pumba, nikakosa, kijana wa kuuza akaniambia chukua hii ya ng'ombe wa maziwa, hata farasi atanenepa. Nikabeba gunia. Baba akasoma karatasi ya gunia akiwa ameishikilia mbali na macho vile wazee husoma, akaniuliza kama hii imewekwa monensini. Sikuwa nimewahi kusikia hilo neno. Ni dawa inawekwa kwa vyakula vingine vya kuku na ng'ombe, ng'ombe haimdhuru kwa kile kipimo chake, lakini farasi kiasi kidogo tu kinaharibu moyo na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Aliwahi kuona farasi wawili wakifa kwa siku mbili kwa sababu mtu alichanganya magunia kwa stoo. Lile gunia langu halikuwa limeandikwa chochote, iko au haiko, na hapo Baba akasema kama haijaandikwa basi iko. Tukampatia jirani mwenye ng'ombe.

Mahindi pia. Huku kwetu mahindi ya kuoza tunatolea wanyama, ndio kawaida. Farasi akila mahindi yaliyoshika ukungu kuna sumu ya huo ukungu inamla ubongo, anaanza kutembea akigonga ukuta, anakufa. Hata nyasi ya kikuyu ambayo imejaa kila uwanja wa Njoro, ile laini ya kijani unaona kama zulia, ina kitu kinashika kalisi asiipate, farasi akiila peke yake miezi na miezi mifupa inalainika na uso unafura. Anaweza kula, sisi Shaba anaila, lakini lazima apewe na lusini na madini ya kalisi. Nyasi ya napia nayo ni hivyo hivyo. Nayasema haya yote juu najua mtu akisoma atasema mimi nina nyasi, nitamfunga kwa nyasi.

Nikiambiwa nichague usiku mmoja wa kumwonyesha mtu anayetaka kununua farasi, nitachagua wa Februari 2023. Mnakumbuka ule ukame, mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu, bale ikafika 450 na hata ukiwa na pesa hupati. Nikaona nipunguze bale nijaze na mabua ya mahindi. Baba alikuwa ameenda kliniki ya presha siku hiyo na akalala kwa dada yangu mjini, mimi nikaamua peke yangu. Mabua ni magumu, na zile siku tangi lilikuwa limebaki na maji machache ya chini ambayo Shaba alikuwa anayanusa tu na kuyaacha. Siku ya tatu, saa moja usiku, nikamkuta anageuka kuangalia ubavu wake. Anaangalia, anarudisha kichwa, anaangalia tena kama kuna mtu anamwita kutoka huko nyuma. Akapiga chini na mguu wa mbele. Akainua mdomo wa juu meno yakaonekana. Akalala, akaamka, akalala.

Nikampigia Baba. Hakuuliza kitu kingine, aliniambia weka sikio kwa tumbo lake, hapo nyuma ya mbavu, upande wa kulia kisha wa kushoto, uniambie unasikia nini. Nikaweka sikio. Ngozi ilikuwa imelowa jasho baridi. Nilisikia moyo wangu tu. Farasi mzima tumbo lake linaongea saa zote, linanguruma kama maji kwa mfereji, na kule ndani kulikuwa kimya. Baba akasema mtoe nje, asibiringike, tembea naye pole pole, usimpe chakula chochote, anakuja. Farasi hawezi kutapika, mlango wa tumbo lake umeumbwa kupitisha chini peke yake, kwa hivyo chochote kikikwama kinakaa hapo hapo kinajaa, na huo msokoto wa tumbo ni kati ya vitu vinaua farasi wengi sana.

Daktari wa mifugo anayejua farasi nilimpata Gilgil, nilipiga simu nne kabla yake na wote waliniambia wao ni wa ng'ombe. Alifika kama saa nne. Alimpiga sindano ya maumivu, akavaa glavu ndefu mpaka begani akaingiza mkono nyuma akasema amelipata, donge kubwa la mabua limekauka. Akapitisha paipu puani taratibu mpaka tumboni, akanusa ule mwisho wa paipu kwanza, halafu akapampu mafuta na maji. Baba alikuwa amefika na teksi na bado amevaa nguo alizoenda nazo kliniki, alishika kichwa cha Shaba muda wote na alikuwa anamwambia kitu kwa Kikabrasi, kwa sauti ya chini, yale maneno alikuwa anatuambia sisi tukiwa na homa.

Tukatembea. Dakika kumi Baba, dakika kumi mimi, dakika kumi yule kijana, kwa baridi ya Njoro ya usiku. Saa tisa na kitu nikaweka sikio nikasikia kitu kama tone. Saa 12 asubuhi akasimama, akainua mkia, akatoa. Baba aliokota na mkono, ikiwa na moto, akaivunja na vidole kuangalia ndani, akaniletea nione mabua na mafuta. Machozi yalimtoka na hakuyapangusa. Bili ilikuwa 18,500 na niliilipa nusu siku hiyo na nusu mwisho wa mwezi. Hajawahi kunilaumu kwa yale mabua hata siku moja. Mimi hilo kosa ninalo bado.

Sasa ile saa 12 jioni niliyoandika juu. Kuna ugonjwa wa farasi wa huku kwetu Afrika, unaletwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, na wenyewe wanauma kuanzia jua likizama mpaka asubuhi. Farasi asiye na kinga akishikwa, wengi sana hawaponi, anajaa maji kwa mapafu na povu linamtoka puani. Virusi vyake ni vya aina 9, chanjo ipo na unachanja kila mwaka kabla ya mvua, lakini bado unataka farasi awe ndani ya banda kabla jua halijazama. Punda milia wanaishi na hivyo virusi bila kuugua, na sisi huku tumezungukwa na punda milia, kuanzia kwa mbuga ya Ziwa Nakuru mpaka hifadhi ya Soysambu. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipokuja baada ya ule ukame, usubi walikuwa wengi mpaka tuliweka neti ya dirisha kwa banda.

Kwa hivyo kila siku ya Mungu, saa 12 jioni, mtu anayejua anavyofungwa lazima awe nyumbani. Jumapili. Krismasi. Siku ya matanga.

Amu yangu, ndugu mkubwa wa Baba, alifariki 2022. Kwetu matanga ni siku kadhaa, unakesha, unakaa na watu, na mtoto wa ndugu asipoonekana inakumbukwa miaka. Yule kijana wetu alikuwa ameondoka kazi wiki hiyo hiyo na mpya hakuwa ameshapatikana. Mmoja wetu alikuwa abaki. Nikamwambia Baba aende yeye, ni ndugu yake, mimi nibaki mpaka siku ya mazishi yenyewe. Alienda. Siku ya mazishi nikamwachia mtoto wa jirani Shaba kwa masaa ya mchana, nikatoka saa tisa usiku, nikapitia Eldoret, nikafika Malava asubuhi, nikazika, na kabla chakula hakijapakuliwa nikaondoka. Shangazi alinishika mkono kwa njia akaniuliza kama ni kweli naondoka kwa sababu ya mnyama. Nikasema ndio. Aliniangalia, akaachilia mkono. Nilifika Njoro saa mbili usiku, mtoto wa jirani alikuwa amemfunga lakini alikuwa amesahau maji. Shangazi mpaka leo akinisalimia ananiuliza farasi hajambo kabla aulize mimi, na si kwa uzuri. Sina neno la kujitetea na sitafuti. Nilichagua. Natamani tu ningejua siku ya kununua kwamba hicho ndicho nilikuwa nachagua.

Watu wanasema basi afanye kazi alete pesa. Tulijaribu. Tuliitwa Milimani kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto fulani, kubeba watoto, 500 kwa kila mtoto. Watoto walikuwa wazuri, mmoja alimkumbatia shingo akakataa kushuka. Halafu baba mmoja mkubwa, mtu wa kilo 110 na zaidi, akataka kupanda apigwe picha, akatoa noti ya 2,000. Farasi habebi zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, na hapo matandiko unayahesabu pia. Baba yangu akasema hapana, mzee, samahani, huyu habebi wewe. Yule akaongeza pesa. Baba akafungua matandiko yote akaweka kwa pikapu na tukarudi nyumbani. Hatujaenda tena, mguu wa Shaba wa kushoto ulikuwa na joto jioni hiyo nikiupapasa, na miaka yake ya kufanya kazi aliimaliza Ngong.

Saa hii Shaba ana miaka 13. Mimi 44, Baba 72, na goti lake la kulia halikunji vizuri. Mwaka jana ndio nilielewa lile swali lake, nilipomwona anajaribu kuinua kwato ya nyuma akashindwa, akakaa chini kwa ndoo akijifanya anatafuta kitu. Farasi ana miaka kumi na mbili, pengine kumi na tano ya kuishi bado. Nimeandika hiyo kwa daftari, ukurasa wake peke yake, na hakuna namba nyingine iko hapo.

Kuna mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19, amejiunga na chuo kikuu cha Egerton hapa chini, anakuja kwetu wikendi. Hakuja kwa sababu ya farasi, alikuja kwa sababu ya chakula. Jumamosi iliyopita nilitoka na chai nikawakuta kwa banda. Baba amekaa kwa ndoo. Kijana ameinama, mgongo umemwegemea Shaba, kwato ya nyuma iko kwa paja lake, na kile chuma cha kuchokoa kiko mkononi. Baba anamwonyesha na fimbo, toa uchafu kuanzia kisigino kwenda mbele, usichome hapo katikati kwenye huo mnofu wa pembetatu, hapo ni laini, sasa nusa, ukisikia harufu ya kuoza unaniambia. Kijana akanusa. Akasema hakuna. Baba akasema nusa tena.

Niliweka chai chini nikasimama mlangoni. Jua lilikuwa linaenda Mau, na ilikuwa imebaki kama nusu saa.